Jiko Linalolia Usiku

Rungwe tuna gesi yetu wenyewe. Inatoka ardhini, upande wa mlima Kyejo, na kampuni ya TOL inaivuna na kuiuza kwa watu wa viwanda vya vinywaji. Ukifungua soda ikasema "tsss" mbele ya uso wako, huenda umepuliziwa pumzi ya Kyejo bila kujua. Lakini usije ukafunga safari na mtungi mtupu mkononi, ndugu msomaji, maana gesi hiyo haiwaki. Ni kaboni dayoksaidi, ile ile inayojazwa kwenye mitungi ya kuzimia moto. Ndiyo kusema tumejaliwa gesi ya kuzimia. Ya kuwashia tunaletewa na malori kutoka bandarini, zaidi ya kilomita 800, na kila kituo imeongezewa nauli.

Ninayotaka kusimulia ni habari ya jiko moja la hiyo gesi ya kuwashia, lililogoma kuwaka nyumbani kwa mama mkubwa, Katumba, katikati ya mashamba ya chai. Mimi kazi yangu ni simu. Nina kibanda karibu na stendi ya Tukuyu, nabadilisha vioo na betri, na jioni naandika mashairi ambayo mengi yanaishia nyuma ya risiti. Majiko si fani yangu. Ila fundi simu akishakuwa na mita na bisibisi, ukoo mzima unamwona ni daktari wa kila chenye waya.

Jiko lenyewe lilikuja Krismasi ya 2023. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alilinunua Dar, mtumba kutoka Ulaya, pleti nne juu na oveni chini, zito kama jeneza. Alikuwa mwangalifu, nampa haki yake: alimtafuta fundi huko huko akabadilisha nozo zote. Majiko mengi ya Ulaya hutengenezwa kwa gesi ya bomba, ambayo tundu zake ni kubwa, na ukiliunga hivyo hivyo kwenye mtungi linatoa ndimi za njano na masizi, sufuria zinageuka rangi ukashindwa kutofautisha gesi na kuni. Hili lilikuja likiwa na moto wa bluu safi. Unabonyeza kishikio, unazungusha, linalia tak-tak-tak, moto huo. Mama mkubwa siku ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini.

Na alikuwa na sababu ya kufurahi. Miaka arobaini ameinamia mafiga. Macho yake yanatoka machozi hata pasipo na msiba, na kifua chake usiku kinapiga mluzi. Daktari alishamwambia akae mbali na moshi, ushauri mzuri kabisa, ila hakumwambia ugali utaivia wapi. Huku kwetu kuna baridi bwana. Mji wa Tukuyu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na jikoni ndipo watu wanapoota moto. Madirisha yanafungwa, moshi unabaki na wenyeji. Kwa hiyo jiko lile halikuwa pambo. Lilikuwa ni miaka kadhaa ya mapafu ya mtu.

Masika ya 2024 yalipochachamaa, jiko likaanza kulia lenyewe usiku.

Fikiria nyumba imelala, mvua iko kwenye mabati, halafu jikoni tak-tak-tak-tak, hakuna mtu. Mara ya kwanza alidhani panya. Mara ya pili aliamka na tochi akaona cheche zinaruka kwenye pleti zote nne, bluu, gizani, kwenye jiko ambalo hakuna aliyeligusa. Jirani mmoja alisikia habari hizo akasema maneno yake, unayajua maneno ya majirani. Mama mkubwa ni mtu wa kanisa, hakuyapokea, lakini hakuyasahau. Akawa anachomoa plagi ukutani kabla ya kulala. Akisahau, linalia mpaka asubuhi.

Baada ya wiki kadhaa za namna hiyo jiko likanyamaza kabisa. Ukibonyeza, kimya. Akaitwa fundi wa kwanza. Huyo alifungua, akachungulia, akatangaza kwamba koili imekufa. Koili ndiyo mafundi wanavyokiita kile kiboksi cha plastiki kilichofichwa chini, kinachotengeneza cheche. Alisema kweli, ilikuwa imekufa. Akaibadilisha, akalipwa, jiko likawaka. Wiki ya tatu koili mpya nayo ikafa. Fundi alipopigiwa akasema majiko ya mtumba ndivyo yalivyo, wanunue jipya.

Hapa ndipo mambo yalipofika pabaya. Mama mkubwa akaanza kuwasha kwa kiberiti. Kuwasha kwa kiberiti si dhambi, lakini kuna kiberiti cha Dar na kiberiti cha Katumba mwezi wa Aprili. Cha Katumba kimelala na unyevu. Alikuwa anafungua gesi kwanza, halafu anakwangua. Njiti ya kwanza inavunjika, ya pili inapukutisha kichwa, ya tatu inafuka moshi tu, na muda wote huo gesi inatoka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haiendi juu kama moshi, inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya mvunguni. Ikifika kama sehemu mbili tu katika mia ya hewa ya mahali, inatosha kulipuka. Dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Njiti ya nne ikawaka.

Alisimulia kwa ufupi: "Lilisema buu." Nyusi zilikwenda, kitambaa cha kichwa kikaungua upindo, mkono ukababuka kidogo. Angeweza kuwa amekwenda yeye mzima. Siku ile ile alifunga mtungi, akalitandikia jiko kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake chupa ya chai na redio, akarudi kwenye mafiga. Na redio hiyo hiyo, mwezi Mei, ikatangaza kuwa Rais Samia amezindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika bila kuni na mkaa. Ilitangazia juu ya jiko la gesi lililofunikwa kitambaa. Mimi mkakati sina ugomvi nao, ni mzuri. Ila najiuliza nani atawahesabu watu kama mama mkubwa, ambao jiko wanalo na mtungi wanao na bado wanapuliza kuni.

Nilipokwenda kumsalimia mwezi Juni nikamkuta kijana wa vyuma chakavu keshalipima kwa macho. Alikuwa ametoa ofa ya sh. 22,000 kwa jiko zima.

"Mama mkubwa, usiliuze kwanza," nikamwambia. "Nipe nafasi nilitazame."

"Gwe, wewe si fundi simu?"

"Simu nazo zina umeme, mama."

"Simu haijawahi kuniunguza nyusi." Akatazama moto wake. "Anakuja Jumamosi na toroli. Ukilimaliza kabla, sawa. Usipolimaliza, mwache achukue, nimechoka kulitazama."

Ilikuwa Jumanne.

Kabla sijafungua msumari wowote nilikaa nikajiuliza swali moja: fundi wa kwanza alibadilisha koili, ikafa tena. Koili mbili hazifi kwa bahati mbaya ndani ya miezi miwili. Yule bwana alizika maiti akamwacha muuaji ndani ya nyumba. Na muuaji alikuwa ameshajitaja, kila usiku, kwa sauti. Kile kilio cha usiku watu wote walikichukulia kama mwanzo wa ugonjwa wa koili. Mimi nilikiona ni kitu kingine kilichokuwa kinaipigisha koili kazi bila ruhusa, usiku kucha, kazi ambayo imetengenezwa kuifanya kwa sekunde mbili tatu tu kila mtu anapowasha.

Maana mfumo wenyewe ni mwepesi ukishauona. Chini ya kila kishikio kuna swichi ndogo. Ukibonyeza, swichi inapeleka umeme wa volti 230 kwenye koili. Koili inaujaza kwenye kapasita, inauachia kwa mkupuo, inaukuza kufika maelfu ya volti, kumi na zaidi, na kuutuma kwa waya hadi kwenye vijimsumari vyembamba vilivyovikwa kauri nyeupe, kimoja kila pleti. Kutoka kwenye ncha ya msumari umeme unaruka nafasi ndogo, kama unene wa sarafu mbili zilizobebana, kwenda kwenye chuma cha pleti. Mruko huo ndio cheche, na mlio wake ndio tak. Swichi zote nne zinatumia koili moja, kwa hiyo ukibonyeza kishikio kimoja misumari yote minne inatoa cheche. Wengi hawalijui hilo, wanadhani kila pleti ina yake.

Nikafunga mtungi, nikachomoa plagi ukutani, nikasubiri kidogo, kwa sababu kapasita inaweza kukutunzia kofi hata umeme ukiwa umekatwa. Nikaondoa vyuma vya kuegeshea sufuria, kofia za pleti, skrubu, nikainua bati la juu kama boneti ya gari.

Chini yake kulikuwa na ramani. Chai ya maziwa ilikuwa imefurika mara nyingi, ikashuka kwa mito ya kahawia kutoka pleti ya mbele kushoto, ikakauka, ikafurika tena, na mto mkuu ulikuwa umeishia ndani kabisa ya swichi ya pleti hiyo. Na sisimizi walikuwepo. Katumba tunaweka sukari ya kutosha kwenye chai, na sisimizi walikuwa wameshafungua njia mpaka ndani ya swichi, wengine wamekufa humo humo. Chai yetu wenyewe ya Rungwe, ndiyo iliyokuwa inabonyeza swichi usiku! Sukari na maziwa vikikauka havisumbui sana, lakini usiku unyevu unapoingia vinalowa tena, vinakuwa daraja, umeme unavuka. Ndiyo maana lilikuwa linalia usiku, na masika tu. Jirani yule na maneno yake nilimwonyesha, akatazama sisimizi, akasema, "Mh."

Mita ikathibitisha. Kishikio kikiwa kimeachiwa, swichi inatakiwa isipitishe kitu kabisa. Swichi tatu zilikuwa hivyo, zimelala usingizi. Ya mbele kushoto ilikuwa imefumba jicho moja, inapitisha kidogo kidogo. Nilipopima koili, umeme unaifika pale mtu anapobonyeza, lakini haitoi mlio. Imekufa, kama alivyosema fundi wa kwanza. (Upimaji huo unafanywa plagi ikiwa ukutani, volti 230 ziko wazi mbele yako. Kama hujazoea umeme, hapo simama, umwite mwenye kuzoea.)

Nikaisafisha ile swichi kwa spiriti na mswaki, nikangoja spiriti iruke yote, nikaazima draya ya saluni ya jirani kukausha, kwa kuwa jua la Juni huku linaonekana kama mgeni wa heshima, linakuja limechelewa na kuondoka mapema. Ikapungua kuvuja lakini haikuacha. Ndani ilikuwa imeshaliwa na kutu. Basi swichi nayo ibadilishwe.

Yakabaki misumari ya cheche. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wanaipita haraka, na mimi nimeipenda kuliko zote. Kauri ile nyeupe kazi yake ni kuuzuia umeme usiruke kabla ya kufika nchani. Ikiwa na ufa, hata wa unywele, umeme hauna shida ya kwenda mpaka nchani, unakatiza pale kwenye ufa. Kwa macho huuoni. Nikachemsha chai ya rangi nzito, kwenye mafiga, nikaipaka kila kauri, nikaacha, nikafuta. Tatu zikatoka nyeupe. Ya nyuma kulia ikabaki na mstari mwembamba wa kahawia umeizunguka kama pete. Mama mkubwa akakumbuka: sufuria la kande, Januari, liliteleza likagonga hapo.

Nikaziosha zile tatu kwa maji safi na kuzikausha kwa draya, nikaandika kwenye karatasi ninachokihitaji: koili moja, swichi moja, msumari mmoja.

Tukuyu hakuna. Nilizunguka maduka yote, nikaambiwa habari ya majiko mapya. Alhamisi nikapanda Kosta kwenda Mbeya, kama kilomita 70, nikashuka Mwanjelwa. Hapo unapata kila kitu ukiwa na miguu na mdomo. Muuzaji wa kwanza alinipa koili nzuri inang'aa, nikageuza nyuma nikasoma: volti 120. Hiyo ni ya majiko ya Marekani. Ningeiweka kwenye umeme wetu ingedumu kama njiti ya kiberiti cha Katumba. Wa pili akanipa ya betri, ile inayotumia betri moja ya volti moja na nusu, nayo si yenyewe. Wa tatu ndiye alikuwa nayo: volti 220 hadi 240, matundu manne ya waya wa cheche. Sh. 30,000 baada ya kuvutana sana. Nasisitiza hili kwa sababu vijana wengi tunanunua kwa sura. Soma maandishi ya nyuma, hesabu matundu, linganisha na kile kilichokufa, ambacho inabidi uwe nacho mfukoni.

Swichi niliipata kwenye jiko lililokufa, nyuma ya gereji, sh. 8,000 pamoja na ruhusa ya kujifungulia mwenyewe. Mhimili wa kishikio una umbo la D, nikahakikisha unafanana. Msumari wa cheche sikuupata. Ilikuwepo mirefu na mifupi, wa kwetu haukuwepo, na msumari si kitu cha kulazimisha: ukikaa mbali na pleti cheche hairuki, ukigusana na chuma haionekani.

"Acha namba yako, dogo," muuzaji akasema. "Mzigo unakuja."

Ijumaa nikafunga. Waya za cheche zinavutwa zikitoka na kuchomekwa, hazina kazi. Waya wa kijani na njano, ule wa kwenda ardhini, niliukuta umelegea kwenye skrubu yake, nikaukaza, maana cheche inahitaji njia ya kurudia nyumbani, na huo pia ndio unaokulinda wewe jiko likitaka kukurusha. Nikaikosha ile ramani ya chai yote, bati likarudi kuwa bati.

Jaribio lenyewe nililifanya usiku, mtungi ukiwa bado umefungwa. Tulizima taa, tukaziba dirisha kwa kanga ili taa ya barabarani isiingie. Mama mkubwa alisimama mlangoni, mguu mmoja nje. Nikabonyeza. Tak-tak-tak. Pleti tatu zikatoa cheche nchani, bluu, kali. Ya nne, ya nyuma kulia, kwenye ncha giza tupu, lakini chini, shingoni mwa kauri, pale pale kwenye pete ya chai, kulikuwa na nyota ndogo ya zambarau inaruka kwenda kwenye bati.

"Ile inafanya nini huko chini?" akauliza.

"Inakata njia, mama. Haitaki kupanda."

Ukiwa na jiko linalokusumbua, anza na giza. Mchana utasikia mlio, utasema cheche ipo, utahangaika na gesi bure. Gizani utaona inakokwenda. Hata yale majiko madogo ya pleti mbili ya juu ya meza, ambayo yameenea sana huku tangu mitungi midogo ya kilo 6 ianze kuuzwa kwa ruzuku, dawa ni ile ile. Hayo hayana koili wala plagi. Ukizungusha kishikio kinyundo chenye springi kinagonga kijiwe ndani, na kijiwe kikigongwa hivyo kinatoa umeme. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waliligundua jambo hilo mwaka 1880, nadhani hawakuwaza maharage. Mlio wake ni mmoja tu, tak, na cheche moja. Kama mlio upo na moto haupo, zima taa. Mara nyingi utakuta ncha imevaa mafuta ya maandazi, au kofia ya pleti imekaa upande, au unyevu tu. Kitambaa kikavu kinamaliza kesi. Na kama cheche ipo nchani, kali kabisa, na moto bado haupo, basi mwache cheche, hana kosa, kaulize gesi: mtungi umeisha, regulata haijakaa, au tundu la nozo limeziba.

Kwenye majiko mapya kuna jambo lingine linalochanganya watu. Kila pleti ina vijiti viwili. Chenye kauri ni cha cheche. Cha pili, cha chuma kitupu, ni sensa. Moto ukikigusa kinapata joto na kuruhusu gesi iendelee. Ndiyo maana mengine ukiachia kishikio mapema moto unazima, inabidi ukishikilie sekunde chache. Hapo usibadilishe koili, utapoteza hela. Jiko la mama mkubwa halina sensa pleti za juu, ndiyo maana gesi iliendelea kutoka huku yeye anavunja njiti.

Nikafungua mtungi, nikapaka povu la sabuni kwenye mpira na maungio yote, nikatazama kama kuna kinachochemka. Hakikuchemka kitu. (Wapo wanaotafuta mvujo kwa njiti ya kiberiti. Sina la kuwaambia.) Dirisha tukalifungua, baridi ikaingia, yeye akalalamika, nikakataa kulifunga. Kisha nikamwita awashe mwenyewe.

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaja, akanyoosha mkono mrefu kama mtu anayemshika nyoka mkia, akabonyeza pleti ya mbele kulia, akageuza uso pembeni. Tak-tak, moto. Aligeuka akautazama. Hakucheka kama ile Krismasi. Alizima, akawasha tena. Akazima. Akawasha mara ya tatu, halafu akaniambia niteke maji.

Jumamosi yule kijana alikuja na toroli lake saa tatu. Alikuta jiko linachemsha ndizi na halina kitambaa. Akasema, "Mama si tulikubaliana?" Mama mkubwa akampa kikombe cha chai na sufuria moja lililotoboka, akaenda nalo.

Nililala pale siku mbili kwa ajili ya kusikiliza. Plagi tuliiacha ukutani makusudi, na mvua ndogo ikanyesha usiku wa Jumapili. Asubuhi nilimkuta jikoni. Sikumuuliza kitu.

"Limenyamaza," akasema. "Ndaga fijo."

Kande bado anapika kwenye mafiga, na sitambishia. Kande ya kwetu inakaa motoni saa kadhaa, mtungi ungeisha mapema, na hela ya kuujaza haioti mgombani. Lakini chai, ndizi, mboga, maji ya kuoga mjukuu, hayo yote yamehamia juu. Chai ya maziwa anaichemshia pleti ya nyuma kushoto, akiwa amesimama hapo hapo na mwiko mkononi, haondoki mpaka ashushe. Kifua usiku bado kinapiga mluzi. Wiki za karibuni anasema kinapiga polepole.

Ile pleti ya nne ameifunga uzi mwekundu kwenye kishikio. Wageni wakija wanaambiwa huyo ni wa kiberiti, na kwa huyo kuna utaratibu: njiti iwake kwanza, isogezwe pletini, ndipo gesi ifunguliwe. Njiti ikizima kabla, unafunga gesi, unasubiri, unaanza upya. Kiberiti chake anakiweka kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, na punje za mchele mkavu ndani ya kunyonya unyevu. Siku nyingi haitumii kabisa, chupa ya chai ndiyo inakaa hapo.

Muuzaji wa Mwanjelwa nimempigia mara tatu. Anasema mzigo unakuja.